Siku Jemadari wa Ziwani Aliponawa Mikono

Jumanne, tarehe 9 Mei 1972. Mvua ilinyesha kabla ya alfajiri ikakatika ghafla, na kulipopambazuka ukungu ulikuwa umelilalia ziwa, mzito kama uji, hata milima ya Ubwari ng'ambo, katika nchi jirani, haikuonekana. Hapakuwa na upepo. Maji yalikuja mchangani polepole na kurudi bila sauti, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba.

Mwasiti binti Saidi alikuwa akitandaza ndagala wake, dagaa wa kukausha, ufukweni Rumonge, huku akisoma dua kimoyomoyo. Walikuwa samaki wa zamani, waliokwisha kukauka wakanyeshewa tena, na harufu yao ilikuwa imeanza kugeuka. Wapya hawakuwepo. Tangu Jumamosi ile mitumbwi ilikatazwa kuingia majini, na wachuuzi waliokuwa wakileta mizigo kutoka Magara hawakuonekana tena barabarani. Lakini mwanamke wa ufukweni asipokwenda ufukweni, majirani huuliza ameficha nini nyumbani, na siku hizo hakuna aliyetaka kuulizwa.

Jumamosi ile ya mwisho wa Aprili, watu wote wa Rumonge walijua ni ipi. Watu wenye mapanga waliingia mjini ghafla, wakaua, wakachoma. Wengine walisema walishuka milimani, wengine walisema walivuka ziwa. Kisha wanajeshi wakaja kwa malori, na hapo ikaanza hofu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu hii ilikuja mchana na ilijua majina. Mwanaume aliitwa ofisini kujibu swali. Aliondoka kwa miguu yake, amevaa viatu vyake, na hakurudi yeye wala viatu. Hamissi, mume wa Mwamini, mmoja wa wanawake wa ufukweni, naye aliitwa ofisini vivyo hivyo.

Mwasiti alikuwa na hofu yake nyingine, ambayo hakumwambia mtu ila Mungu. Nayo haieleweki bila kuijua hadithi aliyokuwa akiisimulia.

Mwaka wa Uhuru, Mwasiti alianza kuwasimulia wanawake wenzake wakati wa kugeuza ndagala. Ile ni kazi isiyotaka akili, lakini haitaki mtu aondoke, maana kunguru wako juu wanasubiri. Hadithi ilikuwa ndefu mno. Ikabidi aigawe, na wanawake wakaziita sehemu zake vitabu, ingawa hakuna hata ukurasa mmoja uliokuwa umeandikwa. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Malkia Nyamvura wa Milimani, aliyewafungia watu wa ziwani chini ya maji nyuma ya lango la jiwe. Cha pili, kilichochukua miaka, kilikuwa cha Jemadari, aliyezaliwa huko chini bila kivuli, akawafundisha mamba kutii na watu wake kupumua hewa. Cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, alikianza mwaka huu baada ya Idi Kubwa. Humo lango lingefunguka, jeshi la ziwani lingepanda, na ingejulikana nchi kavu ni ya nani.

Na hadithi hii ilikuwa na desturi yake. Kila mtu wa hadithi alikuwa na mwanamke aliyempokea. Mwasiti hakusema maneno ya Malkia. Aliyempokea Malkia ndiye aliyeyasema, kwa akili yake mwenyewe, na Mwasiti alilazimika kuyafuata popote yalipokwenda. Wala hakuweza kumwua au kumwondoa mtu wa hadithi ambaye aliyempokea bado yupo, mpaka huyo aende majini, anawe mikono mbele ya wenzake, na aseme amemrudisha. Kwa hiyo kila kifo kilibishaniwa siku nyingi, na kuna samaki walioozea katika mabishano hayo. Vestine, Mubembe kutoka Fizi ng'ambo ya ziwa, mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti, alikuwa Malkia. Sharifa, mjane mnene mwenye maneno mengi, alikuwa Kiboko, yule anayevusha watu mgongoni na kuwatukana njia nzima. Na Mwamini, mwembamba, mwenye sauti ndogo, asiyewahi kumkemea hata kuku, alikuwa Jemadari. Jina lilimganda. Mtaa mzima wa Waswahili ulimwamkia hivyo. Jemadari, umeamkaje? Jemadari, mutoto amepona?

Sasa, ile Ijumaa ya mwisho ya Aprili, Mwasiti alisimamisha hadithi mahali pazuri pa kusimamisha. Lango limefunguka. Jeshi limepanda. Unyayo wa kwanza wa Jemadari umekanyaga mchanga, alfajiri, na mbwa bado hawajabweka. "Kesho," aliwaambia, nao wakamlaani kwa kicheko. Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumamosi ile.

Tangu hapo usingizi ulimkimbia. Kwa akili alijua kwamba hadithi haiwezi kuita watu wenye mapanga. Lakini kila alipoinama kusujudu, maneno yalimtoka yenyewe: Mola wangu, kama ulimi wangu ndio uliofungua mlango, nisamehe, na uufunge Wewe.

"Mwasiti," Sharifa aliita kutoka kwenye mchanga wake. "Ndagala wako wananuka kama soksi za marehemu mume wangu."

"Na wako wananukia waridi?"

"Wangu wananuka kama soksi zake za Jumapili. Kuna tofauti."

"Nyamazeni basi," Vestine alisema bila kuinua kichwa. "Bariyeri ya wanajeshi iko karibu, na upepo hakuna. Kila neno linafika."

Mwamini alikuja kutoka upande wa nyumba, mtoto wake Riziki mgongoni, kikapu kitupu mkononi. Alichuchumaa karibu na Mwasiti akaanza kugeuza samaki wasiohitaji kugeuzwa.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini. Mwasiti hakuwa shangazi yake wa damu, lakini alimlea miaka miwili mama yake alipofariki. "Kaka yangu Asmani amesema ni leo. Giza likiingia tu. Mtumbwi iko kwenye matete, kule kusini. Mimi, mutoto na mama mkwe."

"Ubwari?"

"Ubwari."

"Usiniambie zaidi."

"Sina mwingine wa kumuaga," Mwamini alisema.

Mwasiti alimtazama. Macho ya mwanamke yule yalikuwa yameingia ndani tangu Hamissi aitwe. Alitaka kumwambia neno la kumtia moyo, lakini alipofungua kinywa alimwona Mwanahamisi, mama mkwe wa Mwamini, akija na fimbo yake akipapasa njia, kibuyu cha mawese kichwani. Bibi yule alikuwa na ukungu machoni zaidi ya ule wa ziwani. Alikwenda kwa ndugu zake Kizuka juzi, na wote walihofia safari yake. Lakini sasa alikuwa akitabasamu kama aliyetoka harusini.

"Mama, umepitaje bariyeri?" Mwamini aliuliza, akimpokea kibuyu.

"Nimepita kwa heshima. Wengine wote wamekalishwa chini kwenye tope, mimi nimepishwa."

"Kwa nini wakupishe wewe?" Sharifa aliuliza. "Kwa uzuri?"

"Kwa jina. Waliniuliza mimi ni wa nyumba gani. Nikawaambia, nyumba ya Jemadari. Wakauliza, Jemadari gani? Nikawaambia, Jemadari wa watu wa ziwani, mke wa mwanangu, muulizeni mtu yeyote wa mtaa wa Waswahili. Wakanyamaza wote, hata yule aliyekuwa akipiga kelele. Mmoja akaniuliza tena polepole, nikamrudia polepole. Wakaniambia, pita, bibi."

Kunguru alishuka kwenye ndagala wa Vestine, akachukua mmoja, akaruka, na Vestine hakumfukuza.

"Mama," Mwamini alisema mwishowe, "uliwatajia jina hilo la kwenye hadithi?"

"Ningekosaje kukutaja? Nilitaka wajue ni nyumba ya watu wa heshima." Kisha bibi akageuza uso huku na huku, akitafuta sauti. "Mbona mmenyamaza?"

Mwamini alisimama. Alitazama kusini, kwenye matete. Mwasiti alimshika kitambaa cha kubebea mtoto akamvuta chini.

"Kaa. Geuza ndagala."

"Watakuja."

"Watakuja, ndiyo. Wakikuta unakimbia, mambo yamekwisha. Wakikuta unageuza ndagala, bado kuna neno la kusema. Kaa, mwanangu."

Akakaa. Walifanya kazi kwa mikono iliyokuwa haisikii samaki. Vestine alikuwa akimwomba Yesu chini chini kwa Kibembe, Mwasiti akirudia Ayatul Kursi, anakosea katikati, anaanza upya. Hata Sharifa midomo ilikuwa ikitikisika. Mwasiti aliwaza kwamba maombi yote yale yanapanda kupitia ukungu mmoja, na Mwenye kuyapokea hatayachanganya.

Walikuja kabla jua halijapenya. Mbele alitembea Casimir, shefu, yaani mkuu wa mtaa, shati jeupe, jasho limelowanisha kwapa. Nyuma yake luteni kijana ambaye macho yake hayakuwa yamelala, na wanajeshi wawili.

Casimir walimjua tangu akiwa kijana wa kubeba mizigo ya samaki. Wakati ule alikuwa akikaa nao kusikiliza, mwanaume peke yake katikati ya wanawake, na katika kitabu cha kwanza alimpokea Bawabu, mlinzi wa lango la jiwe. Kisha akapata kazi ya ofisini. Aliacha kuja, akasema hana wakati wa hadithi za wanawake. Lakini hakwenda majini kunawa, kwa hiyo Bawabu alibaki wake, na miaka yote hii Mwasiti alilazimika kusema kwamba Bawabu amelala.

"Amahoro," luteni aliwaamkia kwa Kirundi.

"Amahoro, Luteni."

"Jemadari iko nani hapa?"

Mwasiti aliwaza haraka. Wakinyamaza, bibi Mwanahamisi atajibu, maana tayari alikuwa ameinua kidevu. Wakikana, watu wa mtaa wataulizwa mmoja mmoja, na mtaa mzima utasema ukweli ule ule ambao ni uongo. Akasimama.

"Jemadari ni mtu wa hadithi, Luteni. Hadithi ni yangu. Huyu mama Riziki anasema maneno yake tu, tukiwa kazini."

"Hadithi inasema nini?"

"Inasema watu wa ziwani wanapanda kutoka majini." Alijisikia akiyasema, na Vestine akafumba macho.

"Wanapanda saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Uliisimulia lini mara ya mwisho?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Neno lilikuwa mdomoni, dogo, rahisi: zamani. Lakini walikuwepo wanawake wengi Ijumaa ile, na Mungu pia alikuwepo.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa gani?"

"Ile kabla ya Jumamosi."

Mwanajeshi mmoja alishusha bunduki begani akaishika mikononi. Luteni hakubadilika uso, na hilo lilitisha zaidi.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Luteni. Ni ya tangu mwaka wa Uhuru. Hata shefu anaijua."

Wote walimtazama Casimir. Casimir alitazama mchanga. "Nilisikia kidogo, nikiwa kijana," alisema. "Mambo ya wanawake."

"Inaishaje?" luteni alimuuliza.

"Sijui, Luteni."

"Nani anajua?"

"Haijaisha," Mwasiti alisema. "Kimebaki kipande cha mwisho cha kitabu cha tatu."

Luteni alikwenda kwenye mtumbwi uliopinduliwa akaketi juu yake. Alionekana amechoka kama mtu aliyetembea usiku kucha. "Imalize," alisema. "Hapa. Nitasikia kama ni hadithi."

Mwisho wa kitabu cha tatu Mwasiti alikuwa nao tangu mwaka wa Uhuru. Aliutunza kama mahari. Jemadari angepanda mlima, angeketi kwenye kiti cha Malkia Nyamvura, na nchi kavu yote mpaka michikichi ya Kizuka ingekuwa ya watu wa ziwani. Mara nyingi alicheka peke yake akifikiri Vestine atakavyolia na kugoma. Sasa mwisho ule ulikuwa umekaa kooni kama mwiba wa samaki. Akiusema, Mwamini hatalala Ubwari wala Rumonge. Na mwingine hakuwa nao.

Aliomba kwa pumzi moja, kisha akaanza kama alivyoanza siku zote.

"Mliopokea watu, mko nao?"

"Tuko nao," walijibu, kwa sauti ambazo hazikufika hata majini.

"Unyayo wa kwanza umekanyaga mchanga. Jeshi limesimama nyuma, maji yanawachuruzika. Jemadari ametazama juu. Ameona nyumba, ameona moshi wa jikoni. Jemadari akasema..."

Akasubiri. Mwamini alikuwa ameinamisha kichwa. Mtoto alikuwa akimvuta kilemba. Kila mmoja pale aliona shida ilipokuwa: lolote atakalosema sasa litakuwa neno la adui kinywani mwake, na asiposema, atakuwa mtu mwenye kitu cha kuficha.

"Akasema nini?" luteni aliuliza.

"Ngojeni kwanza," Sharifa alisema. Alijishika kiuno. "Kabla hajasema, Kiboko anataka nauli yake. Nimevusha jeshi zima mgongoni, na mamba zao, na sufuria zao, na hakuna hata mmoja aliyesema murakoze wala asante. Huyu Jemadari mwenyewe alinikanyaga sikio. Mwenye sikio kama langu ataficha wapi aibu?"

Mwanajeshi mdogo, yule ambaye hakushusha bunduki, alicheka, kisha akakimeza kicheko chake. Mwamini aliinua kichwa.

"Jemadari anasema," alianza, na sauti ilikuwa yake ile ndogo, "nilidhani nyumba za nchi kavu ni kubwa. Tukiwa chini tuliambiwa ni kubwa. Kumbe ni ndogo kama zetu. Anasema, nasikia mutoto analia ndani. Nilidhani juu huku hakuna anayelia."

Mwasiti hakuwahi kuyafikiria maneno hayo. Aliyafuata kama ilivyokuwa desturi. "Mlango wa nyumba ya kwanza ukafunguka, akatoka Malkia mwenyewe, bila taji, na mwiko wa ugali mkononi. Malkia akasema..."

"Malkia anasema, umechelewa," Vestine alijibu mara moja. "Miaka yote hii nakungoja na kiti chenyewe kinaniuma mgongo. Unakitaka?"

"Sikitaki tena," Mwamini alisema. "Nimekiona kwa mbali, inatosha."

"Basi umekuja kufanya nini na watu wote hawa?"

"Sijui, Malkia. Lango lilikuwa wazi. Tulipita."

Vestine alikuwa Malkia kwa miaka mingi mno, na Malkia ni mtu wa kuuliza maswali. Swali lilimtoka kabla hajaliona lilivyo. "Nani alilifungua?"

Mkono wa Mwasiti ulikwenda wenyewe kinywani. Lango lilikuwa na mlinzi mmoja tu. Wanawake wote walitazama ziwani, mchangani, angani, popote pasipokuwa usoni pa Casimir.

"Ndiyo," luteni alisema. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti. "Nani aliwafungulia?"

Mwasiti alitafuta namna ya kulivuka lile swali, na kila njia ilirudi pale pale. Alimwona Casimir akifuta shingo kwa leso, akiitazama leso, akiikunja. Alimhurumia. Shefu yule alikuwa na watu wake wa kulisha na jina safi, na asubuhi hiyo hakuna aliyejua kesho jina safi litamfaa nini.

"Bawabu anasema," Casimir alisema, na ilikuwa sauti ya yule kijana wa kubeba samaki, "mimi sikufungua. Mimi nililala. Nilipewa viatu vipya, nikakaa kuviangalia, usingizi ukanichukua. Niliposhtuka walikuwa wameshapita."

Luteni aligeuka polepole. "Na wewe, shefu?"

"Na mimi, Luteni. Tangu mwaka wa Uhuru. Niliona haya kusema." Leso ilikuwa imekuwa kidonge mkononi mwake. "Ni hadithi. Nisingekuwa ndani yake kama isingekuwa hadithi."

Mwasiti hakungoja mtu aulize lingine. "Jemadari akatazama nyuma," alisema, "akawaona watu wake wanatetemeka kwa baridi ya hewa. Akatazama mbele, akamwona Malkia na mwiko wake. Jemadari akasema..."

"Narudi," Mwamini alisema. "Anasema, narudi na watu wangu. Fungeni nyuma yetu."

Alisimama na mtoto mgongoni, akaanza kutembea kuelekea majini. Kama Jemadari anaondoka, lazima aliyempokea anawe mikono, na Mwamini alikuwa akifanya lile wanawake wote walilolingoja. Lakini wanajeshi hawakuijua desturi. Waliona mwanamke anakwenda ziwani, na kusini kwake matete.

"Simama," aliyeshika bunduki mikononi alisema. Chuma kiligonga chuma.

Mwamini hakusimama. Labda hakusikia, labda miguu yake haikuweza tena kufanya mambo mawili. Mwasiti alimwona luteni akiinua kiganja, akabaki amekiinua, asikishushe wala asiseme neno. Mwasiti alitaka kupiga kelele kwamba ananawa tu, ananawa tu, na sauti haikutoka. Ndani ya kifua chake lilibaki neno moja, Ya Rabbi, bila lingine la kulifuata.

Maji yalimfika Mwamini vifundoni. Aliinama. Mtoto alicheka kwa kuinamishwa. Mwamini alichota maji, akasugua mikono, akachota tena, akasugua mpaka juu ya kiwiko.

"Nimemrudisha Jemadari," alisema akiwa amewapa mgongo. "Sina neno naye, hana neno nami."

Kisha akageuka, akarudi mchangani, akaketi mahali pake. Luteni alishusha kiganja.

"Lango limefungwa," Mwasiti alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi nusu tu. "Wa juu wamebaki juu, wa chini wako chini. Mimi niliyekuwa katikati yao nimenyamaza."

Hivyo ndivyo kitabu cha tatu kilivyokwisha. Vestine alikuwa akilia, machozi yanamdondokea kwenye samaki, na Mwasiti hakujua kama analilia hofu au hadithi. Hata yeye alihisi kama amezika mtu haraka haraka, bila sanda ya kutosha.

Luteni aliinuka akapangusa suruali.

"Inaweza kuwa ni hadithi," alisema. "Inaweza kuwa ni hadithi ambayo watu wengine waliisikia. Mimi sikutumwa hapa kujua hadithi." Akamsemesha Casimir kwa Kirundi, maneno mafupi, na Casimir akajibu "ndiyo" mara kadhaa kabla ya kuwageukia.

"Luteni anasema mama Riziki abaki nyumbani leo," Casimir alieleza, macho yake yakiwa kwenye kibuyu cha mawese. "Kuanzia kesho atafika ofisini kila asubuhi, aonekane. Na anataka mtu wa kumdhamini. Siku asipofika..." Alisita. "Siku asipofika, atachukuliwa aliyemdhamini."

"Mimi," bibi Mwanahamisi alisema, akiinua fimbo.

"Wewe hapana, bibi," luteni alisema, bila ukali.

Hakuna mwingine aliyejitolea, na hakuna wa kumlaumu. Vestine alikuwa na watoto wadogo, na Umubembe wake peke yake, siku hizo watu wa ng'ambo wakishukiwa, ulitosha kumpeleka pabaya. Sharifa alipiga hatua moja mbele, akarudi. Casimir alikuwa ametumia ujasiri wake wote wa mwaka huo.

Mwamini alimtazama Mwasiti, akatikisa kichwa, kidogo sana. Mwasiti alimwelewa. Alikuwa anasema, sitakwenda. Nitabaki, nitafika ofisini kila asubuhi, usijitie.

Lakini Mwasiti aliwaona waliofika ofisini. Alimwona Hamissi akifunga kamba za viatu kizingitini, akimwambia mkewe asichelewe kupika kwa sababu hatakawia. Mwamini akibaki, kutakuwa na asubuhi moja kama hiyo, kesho au wiki ijayo, na Riziki atabaki na bibi asiyeona. Giza likiingia mtumbwi utakuwa kwenye matete. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na hayakuwa na njia ya tatu.

Kilichomtisha zaidi ni kiapo. Hakuweza kusema mbele ya Mungu kwamba Mwamini atafika, hali anajua hatafika, na hali anaomba asifike. Alitafuta maneno yaliyo kweli tupu, yatakayomfunga yeye peke yake. Aliyatafuta kama mtu anayetafuta sindano mchangani kwa vidole, kwa upole, asijichome.

"Nani anasimama?" luteni aliuliza.

Mwasiti alipangusa magamba mikononi kwa khanga yake, akasogea mbele mpaka akasimama kati ya Mwamini na wanajeshi.

"Mimi."

"Jina."

"Mwasiti binti Saidi. Nyumba yangu ni ile ya mwisho, yenye bati jekundu."

"Sema kwa sauti, wote wasikie unaahidi nini."

Alivuta pumzi. Nyuma yake Mwamini alianza kusema, "Shangazi, usi..." na Sharifa akamshika mkono, akanyamaza. Casimir alivua kofia, labda bila kujua kwamba ameivua. Mwasiti aliinua uso, akasema kwa sauti iliyofika kwenye bariyeri:

"Mbele ya Mwenyezi Mungu anayejua kilicho moyoni mwangu, mbele yako Luteni, na shefu Casimir, na mbele ya Vestine na Sharifa na mama Mwanahamisi, mimi Mwasiti binti Saidi naahidi. Kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa, nitakuwa mlangoni. Keshokutwa pia, na kila asubuhi mtakayotaka. Mkitaka habari za Mwamini, mtaniuliza mimi, na hamtanitafuta."